Ngome ya Mshindi Mikononi mwa Walioshindwa

Katika maswali ambayo historia huwaachia walio hai, liko moja ambalo si jepesi kulijibu kwa haki: je, watu waliotawaliwa kwa nguvu wana wajibu wowote wa kuitunza ngome ya mtu aliyewatawala? Swali hili halihusu mawe na chokaa tu. Lahusu heshima, kwa kuwa binadamu huwa radhi kusamehe deni kuliko kusamehe dharau, na ngome ya mgeni katika nchi ya watu ni dharau iliyojengwa ikasimama. Lahusu mali pia, kwa sababu jengo kuukuu haliishi kwa sifa. Huishi kwa fundi na chokaa na mshahara wa mlinzi, na fedha ya vitu hivyo hutoka katika mifuko ya wajukuu wa watu walioshindwa.

Mahali panapofaa kulipima swali hili ni mji mdogo wa Trim, katika jimbo la Meath, nchi ya Ayalandi, mwendo wa kama kilomita 45 kutoka Dublin. Hapo, juu ya ukingo wa kusini wa mto Boyne, imesimama ngome ambayo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko zote walizojenga Wanormani katika Ayalandi. Ukuta wa nje umezunguka uwanja mpana wa majani. Katikati ya uwanja liko jumba refu la mawe lenye umbo la msalaba na pembe 20, umbo ambalo ni nadra kuonekana katika ngome nyingine. Minara midogo minne ilitokeza katika mbavu za jumba hilo. Mitatu ingaliko, na ule wa kaskazini umekwisha kutoweka. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani ya jumba peke yake. Huingia pamoja na wenzake nyuma ya kiongozi, hupanda ngazi nyembamba za mawe, na mwisho hufika juu, ambapo mto na mji na mashamba huonekana kwa mara moja. Hapo ndipo akili humwambia kwa nini ngome ilijengwa mahali pale: mtu aliyesimama juu aliweza kumwona kila mtu, na kila mtu aliyekuwa chini alijua kwamba anaonwa.

Habari ya kujengwa kwake ni ya kweli na ni fupi. Mwaka 1172 Henry wa Pili, Mfalme wa Uingereza, alimpa mtu wake Hugh de Lacy nchi yote ya Meath, kwa sharti la kumtolea mfalme wapanda farasi 50 wakati wa vita. Mfalme alitoa kitu ambacho hakikuwa chake, na mpokeaji alijua hivyo. Kwa hiyo aliharakisha kujitengenezea mahali pa kujikinga. Ngome yake ya kwanza ilikuwa ya udongo na magogo. Mwaka 1173 Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa Waayalandi, alikuja na jeshi, na ngome ile ikateketea. De Lacy akajenga tena, safari hii kwa mawe, na kazi ilichukua kama miaka 30, hata ikamalizwa na mwanawe Walter mwanzoni mwa karne ya 13. Unene wa ukuta ni kipimo cha hofu ya mwenye nyumba, na kuta za Trim hukaribia mita 3.

Basi huo ndio mzigo ambao Waayalandi wa leo wamerithi. Juu ya mzigo huo watu wana rai mbalimbali, na kila moja yastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Rai ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba ngome ya namna hii haistahili hata ndoo moja ya chokaa. Husema kwamba mshindi huendelea kushinda maadamu jengo lake limesimama. Mtoto apitaye chini ya kuta zile kila siku akienda shule hujifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba ukubwa ni wa wageni na udogo ni wa kwao. Nyumba za wazee wake zilikuwa za udongo na miti, na mvua imekwisha kuzifuta. Nyumba ya de Lacy ipo. Kumpa mshindi fundi wa kuziba nyufa zake ni kumsaidia ashinde mara ya pili, tena kwa gharama ya aliyeshindwa.

Rai hii haikuzuka kwa wapumbavu, na Ayalandi imeitenda mara nyingi. Kati ya mwaka 1920 na 1923, katika vita vya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, majumba zaidi ya 200 ya makabaila yalitiwa moto. Jumba la Summerhill, lililokuwa karibu na Trim, liliungua mwaka 1921. Katika mji wa Trim wenyewe, mwezi wa Septemba 1920, wapiganaji wa uhuru waliteketeza kituo cha askari polisi wa utawala wa Kiingereza, na majeshi ya utawala yakalipiza kisasi kwa kuchoma maduka ya mji. Huko Dublin, mwezi wa Machi 1966, nguzo iliyobeba sanamu ya Nelson ililipuliwa usiku kwa baruti.

Lakini yapasa kupambanua. Kituo cha askari cha mwaka 1920 kilikuwa silaha. Ndani yake mlikuwa na bunduki zilizowaelekea watu walio hai. Mtu avunjaye silaha iliyo mkononi mwa adui hakuikosea historia adabu. Ngome ya Trim mwaka ule haikuwa na bunduki wala mtawala, na aliyekuwa na amri juu ya minara yake alikuwa kunguru. Waliochoma kituo waliiacha ngome ya mji uleule. Kama waliiacha kwa makusudi au kwa kukosa haja nayo, tendo lao lilipatana na akili. Upanga ulio shingoni mwa mtu huondolewa kwa haraka. Upanga uliokutwa kaburini huwekwa, ili watu wajue marehemu alikufa kwa nini. Na anayeupiga ukuta usiompiga, wahenga wamekwisha kumwambia kwamba ataumiza mkono wake.

Kuna sababu nyingine ya kuichelea rai ya kuharibu. Ng'ambo ya mto, katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria, palikuwa na sanamu ya mbao ya Bikira Maria ambayo iliwavuta mahujaji kutoka mbali, Waayalandi na wana wa Wanormani pamoja. Mwaka 1538, katika mageuzi ya dini ya zama za Henry wa Nane, sanamu ile iliteketezwa. Waliofanya hivyo hawakujiona kuwa waharibifu. Waliamini kwamba wanaitakasa nchi. Kila mharibifu huwa na hakika ya haki yake wakati wa kuwasha moto. Hukumu nyingine za wanadamu zaweza kukatiwa rufaa kesho, lakini kitu kilichokwisha kuwa majivu hakina baraza la kukirudisha.

Rai ya pili ni ya wale waipendao ngome kwa uzuri na faida yake. Hao hawauliziulizi nani alijenga wala kwa nini. Husema kwamba mawe ni mawe, kwamba miaka 800 na zaidi imekwisha kuosha damu yote, na kwamba mji mdogo wenye ngome kubwa hupata wageni, na wageni huleta riziki. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na mtu mwenye njaa hana sababu ya kuyacheka. Hata hivyo, yafaa kukumbuka methali isemayo kwamba aisifuye mvua imemnyea. Wengi waisifuo ngome haikuwanyea. Wameikuta jua limekwisha kutoka. Majani laini yaliyofunika handaki hayakupandwa na de Lacy. Ukimya uwapendezao wageni si tabia ya ngome, bali ni tabia ya ngome iliyokufa. Anayeusifu uzuri huo bila ya kuuliza habari zake husifu kazi ya wakati akidhani anasifu kazi ya mjenzi.

Mfano wa hatari ya rai hii ulionekana katika Trim yenyewe. Mwaka 1994 watengenezaji wa filamu ya Braveheart walikuja hapo kupiga picha. Filamu ile, iliyotoka mwaka 1995, yahusu William Wallace wa Scotland aliyepigana na Waingereza, na kuta za Trim zilipambwa na kupewa kazi ya kuwa mji wa York, ambao katika filamu hutekwa na Wallace. Wallace wa historia hakuuteka mji wa York. Hivyo kuta zilizojengwa ili kuwatiisha Waayalandi zilisimulia kutekwa kwa mji usiotekwa, katika nchi nyingine, na wageni wengi walikuja Trim ili kuiona York. Mchezo si dhambi, na riziki iliyoletwa na mchezo si haramu. Lakini ngome isiyopendwa ila kwa sura yake huwa kama shahidi wa kukodiwa: husema lolote aliloagizwa na aliyelipa.

Neno hilo la shahidi ndilo linaloonyesha rai ya tatu, ambayo yaelekea kuwa na uzito kuliko zile mbili. Ngome itunzwe kwa sababu ni shahidi. Baraza halimpi shahidi kiti kwa kuwa ni mwema. Humpa kiti kwa kuwa alikuwapo. Muuaji aliyeona huitwa, na mtakatifu asiyeona huambiwa akae nje. Vivyo hivyo, kumtunza shahidi hakuna maana ya kumheshimu. Hulishwa na kulindwa hata aseme aliyonayo, na wala hapana anayedhani kwamba kwa kulishwa huko amekwisha kusamehewa. Watu walioshindwa ndio wenye haja zaidi ya shahidi huyu, kwa kuwa mshindi hupenda kusema kwamba alikaribishwa. Hapana ushahidi unaomkanusha vizuri zaidi kuliko ukuta wa mita 3: aliyekaribishwa halali nyuma ya ukuta wa namna hiyo.

Lakini shahidi mmoja hatoshi. Tena shahidi mwenye sauti kubwa ni wa kuchelewa zaidi, maana huweza kuwanyamazisha wenzake kwa wingi wa maneno. Mgeni aionaye ngome ya Trim, akapanda juu, akashuka, akaondoka, amesikia ushahidi wa upande mmoja, naye hana haki ya kusema kwamba ameijua Meath. Mashahidi wengine hawako mbali. Wamo katika kingo za mto uleule, na mwenye miguu yaweza kumfikisha kwa wengi wao katika siku moja.

Ng'ambo ya mto, mkabala wa ngome, umesimama mnara uliobaki wa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Maria. Wenyeji huuita Mnara wa Manjano, kwa rangi ya mawe yake jua linapotua. Kimo chake ni karibu mita 40, na upande mmoja umekuwa mzima hata leo, hali nyingine zimebomoka, kama mtu aliyepoteza nusu ya mwili asikubali kulala. Kutoka hapo mwendo wa kilomita moja na nusu kufuata mto humfikisha mtu Newtown. Hapo yako magofu ya kanisa kuu lililoanzishwa mwaka 1206 na Askofu Simon de Rochfort. Kabla ya hapo kiti cha uaskofu kilikuwa Clonard, mahali pa kale pa watawa wa Kiayalandi; yeye alikihamisha akakileta karibu na ngome. Magofu hayo hueleza jambo ambalo ngome peke yake isingeweza kulieleza: kwamba ushindi hauishii katika upanga. Baada ya kuhamisha mipaka, mshindi huhamisha hata mahali pa kuabudia.

Lakini shahidi mwingine, aliye hatua chache tu kutoka hapo, hulipunguza ukali neno hilo. Ng'ambo ya daraja la kale yako magofu ya hospitali ya Yohana Mbatizaji, iliyojengwa katika karne ya 13, ambapo watawa waliwapokea wagonjwa na wasafiri waliochoka. Wageni walioleta shoka la vita walileta pia kitanda cha mgonjwa. Mwenye kusema kwamba ushindi wote ulikuwa uovu lazima alijibu jengo hili. Na mwenye kusema kwamba ushindi wote ulikuwa neema lazima aijibu ngome. Kila mmoja wao angependa jengo moja libomolewe, ili hoja yake ipate kusimama.

Katika kanisa dogo la Newtown liko kaburi la Sir Lucas Dillon, hakimu mkubwa wa karne ya 16, na mkewe Jane Bathe. Sanamu zao za mawe zimelala ubavu kwa ubavu katika mavazi ya fahari, na kati yao umelazwa upanga. Makusudi ya mchongaji yalikuwa kuonyesha cheo, lakini wanakijiji waliufasiri upanga ule kwa namna yao. Wakawaita wenye kaburi Mume na Mke Wenye Wivu, watu wasiogusana hata katika mauti. Juu ya hayo waligeuza kaburi kuwa tabibu. Mwenye chunjua huisugua kwa pini, akaiacha pini ile katika maji ya mvua yaliyotuama baina ya sanamu, na huaminiwa kwamba pini ikishika kutu chunjua itakauka. Pini zenye kutu huonekana pale kila siku. Mtu aweza kulicheka jambo hili, lakini limo funzo ndani yake. Mkubwa alijichongea jiwe ili akumbukwe kwa cheo. Wadogo wamelitunza jiwe lake kwa haja yao, na cheo chake hawakiulizi. Hivyo ndivyo urithi ubadilishavyo mkono pasipo vita. Kitu cha mtawala huwa cha watu siku ile watu wanapokipa kazi ambayo mtawala hakuikusudia.

Shahidi wa mwisho yuko mbali kidogo, Bective, katika bonde lilelile la Boyne. Nyumba ya watawa ya Bective iliwekwa msingi mwaka 1147 na Murchad Ua Máel Sechlainn, Mfalme wa Meath. Tarehe hiyo ni ndogo kwa kuitamka, lakini uzito wake ni mkubwa, maana ni miaka 25 kabla ya de Lacy kupewa nchi. Ngome, kwa ukubwa wake, humfanya mgeni adhani kwamba historia ya mahali pale ilianza nayo. Bective husema kwamba nchi haikuwa tupu. Ilikuwa na mfalme wake, mipaka yake, na watawa wake waliojua kujenga kwa mawe na kuandika kwa wino. Mtu asiyefika Bective, au mahali pengine penye neno kama hilo, ataondoka Meath na nusu ya kweli. Na nusu ya kweli, katika habari za walioshinda na walioshindwa, hufanya kazi ileile ya uongo.

Tena hapo Bective mwisho wa de Lacy mwenyewe ulihitimishwa. Mwaka 1186 alikuwa Durrow akijenga ngome nyingine, karibu na nyumba ya kale ya watawa ya Colm Cille. Kijana mmoja wa Kiayalandi alichomoa shoka akamkata kichwa, akakimbilia mwituni. Miaka 9 baadaye, mwaka 1195, mwili wa de Lacy ulizikwa Bective na kichwa chake kikazikwa Dublin katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Thomas. Nyumba hizo mbili zikashindana kwa ajili yake hata mwaka 1205, ilipoamuliwa kwamba Dublin ndiyo yenye haki ya kuwa na maiti nzima. Mtu aliyemiliki nchi kutoka mto hata mto alikaa miaka 10 akiwa amegawanyika makaburi mawili. Anayedhani kwamba ngome ya Trim husema habari za nguvu tu hajausikia ushahidi wake hata mwisho.

Hapa huingia tatizo ambalo huwasumbua wote wasemao juu ya walioshinda na walioshindwa, yaani kujua ni nani leo aliye wa upande huu na ni nani aliye wa upande ule. Kama mwaka 1180 hivi, Hugh de Lacy alimwoa Rose, binti wa Ruaidrí Ua Conchobair. Ruaidrí ndiye aliyekuja na jeshi mwaka 1173 ngome ya magogo ilipoteketea. Aliyechomewa ngome akawa mkwe, na aliyekuja kuichoma akawa mkwewe. Mfalme wa Uingereza hakupendezwa na ndoa ile, kwa sababu aliiona kuwa mlango wa kumtoa mtumishi wake mkononi mwake. Wana wa Wanormani wengi katika karne zilizofuata walisema Kiayalandi, wakashika desturi za Kiayalandi, na baadaye wakapigana na utawala wa Kiingereza bega kwa bega na wenyeji. Mtu wa Meath wa leo akitaka kuichukia damu ya wajenzi wa ngome, ajihadhari asije akaichukia iliyo katika mishipa yake.

Yamkini mtu atasema kwamba, kama damu imechanganyika, basi shauri limekwisha na hapana wa kudai wala wa kudaiwa. Neno hilo ni jepesi mno. Katika uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa ndani ya ngome miaka ya 1970, wachimbuzi walikuta mifupa ya watu 10 wasio na vichwa. Hudhaniwa kuwa walikuwa wahalifu waliouawa kwa amri ya utawala. Katika karne ya 15 ilipitishwa sheria kwamba wanyang'anyi wakatwe vichwa, na vichwa vitundikwe watu wavione. Kichwa cha de Lacy kilishindaniwa na nyumba mbili za watawa, na vitabu vilikiandika. Vichwa vya watu 10 hawa havikuandikwa popote. Kama walikuwa na hatia au hawakuwa nayo, kama walikuwa Waayalandi au wana wa Wanormani, hapana awezaye kusema. Wao hawakujenga ukuta, na asiyejenga ukuta hana wa kumsemea. Kuchanganyika kwa damu kumeondoa uadui wa koo, lakini hakukuondoa deni la kuwakumbuka waliolala chini ya majani bila ya majina. Nao, laiti ngome ingalibomolewa na mahali pake pakajengwa maduka, wasingalijulikana kabisa. Huu ndio uthibitisho mkubwa kwamba kumtunza shahidi ni kwa faida ya mnyonge: ngome iliyowaua ndiyo iliyohifadhi habari yao.

Limebaki pingamizi la fedha. Methali husema kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wenye hoja hii huuliza kwa nini sarafu iliyoweza kumtibu mgonjwa wa leo itiwe katika nyufa za jumba la jana. Hoja hii haipasi kufichwa, na katika Ayalandi haikufichwa. Mwaka 1978 watu kama 20,000 waliandamana Dublin kulilinda eneo la Wood Quay, ambapo mabaki ya mji wa kale wa Maharamia wa Kaskazini, waitwao Waviking, yalikuwa yamefukuliwa, na baraza la mji likitaka kujenga ofisi. Ofisi zikajengwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba Waviking nao walikuwa wageni walioingia kwa upanga, wakanyang'anya nyumba za watawa, wakaweka kituo chao Dublin mwaka 841. Watu waliojitoa barabarani mwaka 1978 hawakuwa wajukuu wa maharamia wakitetea fahari ya babu zao. Walikuwa raia wakitetea haki yao ya kuyajua yaliyowapata.

Kwa Trim shauri liligeuka vingine. Mwaka 1993 serikali ya Ayalandi iliinunua ngome kutoka kwa ukoo wa makabaila wa Dunsany, na baada ya kazi ndefu ya kuikarabati ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2000. Nchi iliyotolewa bure mwaka 1172 na mtu asiyekuwa nayo, sehemu yake ndogo ilinunuliwa kwa fedha mwaka 1993 na watu waliokuwa nayo. Mtu aweza kuiita biashara hiyo dhuluma ya mwisho. Lakini aweza pia kuiita siku ambayo ngome ilishindwa kweli. Moto wa mwaka 1173 haukuishinda, kwa kuwa ilijengwa tena. Mnunuzi wa mwaka 1993 aliishinda, kwa kuwa tangu siku ile mlango wake hufunguliwa na kufungwa na mtumishi wa wale ambao ulijengwa ili kuwazuia.

Basi wajibu upo, lakini una masharti, na pasipo masharti hayo huwa utumwa. Mwenye kutunza ana wajibu wa kuutunza ukuta pamoja na neno la ukuta. Kiongozi awachukuaye wageni juu ya jumba akawaonyesha uzuri wa mto, asiwaambie ulijengwa dhidi ya nani, hatunzi shahidi, humziba kinywa. Naye mgeni ana wajibu wake. Asitosheke na ngome. Avuke mto, afike Newtown, asimame kati ya magofu ya kanisa kuu na magofu ya hospitali, aende hata Bective akaisome tarehe ya 1147, na arudipo apite taratibu juu ya majani ya uwanja, kwa kuwa hajui anamkanyaga nani.

Karibu na Newtown, ng'ambo ya mto, liko lango liitwalo Lango la Mwangwi. Mtu akisimama hapo akapaza sauti kuyaelekea magofu, sauti yake humrudia wazi kabisa. Watoto hupenda kuita hapo, na kila mmoja hujibiwa neno lake mwenyewe. Majengo ya walioshinda hufanya hivyo kwa wote. Ajaye na kiburi hujibiwa kiburi, na ajaye na chuki hujibiwa chuki. Lakini ajaye na swali hurudishiwa swali lake, na hana budi kutembea mpaka shahidi wa pili, kwa kuwa hapana ukuta unaoweza kumjibu peke yake.